Kufutwa, Kufutika na Kutoweka: Utata wa Kauli katika Mzozo wa Tafsiri ya Hotuba ya Tehran ya 2005

1.0 UTANGULIZI

Ni nadra kwa mzozo wa kisiasa wa kimataifa kutegemea sarufi ya kitenzi kimoja. Mzozo uliozuka baada ya hotuba iliyotolewa mjini Tehran tarehe 26 Oktoba, 2005 ni miongoni mwa mizozo hiyo michache. Aliyetoa hotuba ni Mahmoud Ahmadinejad, ambaye alikuwa ameshika urais wa Iran tangu Agosti ya mwaka huo, na ambaye aliendelea nao hadi Agosti 2013. Alikuwa akihutubia mkutano ulioitwa "Dunia Bila Uzayuni". Siku hiyo hiyo ulimwengu ulitangaziwa kuwa Rais wa Iran ametaka Israeli "ifutwe kwenye ramani". Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alieleza masikitiko yake, na tarehe 28 Oktoba Baraza la Usalama lilitoa taarifa ya kulaani matamshi hayo.

Muda si mrefu baadaye kulitokea wataalamu wa Kiajemi waliodai kwamba maneno hayo hayakusemwa. Tangu hapo pande mbili zimeshutumiana kwa upotoshaji. Upande wa kwanza unashikilia kuwa Ahmadinejad alitishia kuiangamiza nchi. Upande wa pili unashikilia kuwa alitabiri tu mwisho wa utawala fulani, na kwamba tishio limebuniwa na wafasiri. Hadi leo, kila uhusiano wa Iran na Israeli unapochafuka, kama ilivyotokea Juni 2025 nchi hizo zilipopigana kwa siku 12, hoja hizo hizo hufufuliwa kwa maneno yale yale.

Makala haya hayana nia ya kuamua nani ana haki katika siasa za Mashariki ya Kati. Lengo lake ni kuichambua sentensi yenyewe na kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kila upande umeipa sentensi hiyo jambo ambalo sentensi peke yake haina. Pili, kwamba mfumo wa unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili, hasa tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, unabainisha mahali hasa ambapo Kiajemi kilinyamaza na wafasiri wakalazimika kusema. Jambo hili la pili lina maana ya pekee kwa wanaotafsiri habari kwa Kiswahili, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari hizo huwafikia kupitia Kiingereza.

2.0 MUKTADHA WA HOTUBA

Sentensi inayogombaniwa haikusimama peke yake. Ahmadinejad aliitanguliza kwa kutaja tawala ambazo, kwa maoni yake, watu wengi hawakutarajia zianguke lakini zikaanguka: utawala wa Shah nchini Iran, Umoja wa Kisovieti, na utawala wa Saddam Hussein nchini Iraki. Katika kila mfano alikumbusha kauli ya Ayatollah Ruhollah Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya 1979 aliyefariki mwaka 1989. Ndipo akafikia kauli ya Khomeini kuhusu utawala "unaoikalia Qods", yaani Yerusalemu. Baada ya kuinukuu alisema kwamba kauli hiyo ilikuwa ya hekima sana, na kwamba suala la Palestina si la kufanyiwa suluhu ya nusu kwa nusu.

Muktadha huu una sura mbili, na kila upande wa mzozo umechukua sura inayoufaa. Wanaomtetea msemaji hushika orodha ya tawala: Umoja wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991 bila kupigwa bomu, na wananchi wake hawakuangamizwa. Wanaomshutumu hushika sifa ya "hekima" na msimamo wa kukataa suluhu. Pande zote mbili husahau kwamba orodha yenyewe haina mwelekeo mmoja. Utawala wa Shah uliondolewa na wananchi wake. Umoja wa Kisovieti ulivunjika kwa sababu za ndani. Utawala wa Saddam uling'olewa mwaka 2003 kwa uvamizi wa majeshi ya kigeni. Kwa hiyo orodha inaonyesha kuwa tawala huondoka, lakini haionyeshi njia moja ya kuondoka kwake. Muktadha unasaidia, lakini haumalizi utata.

3.0 UCHAMBUZI WA SENTENSI

Sentensi yenyewe, kwa kadiri inavyonukuliwa katika mjadala, ni hii ifuatayo:

(1) Emām-e aziz-e mā farmudand ke in rezhim-e eshghālgar-e Qods bāyad az safhe-ye ruzgār mahv shavad.

Tafsiri ya neno kwa neno, kwa kufuata mpangilio wa Kiajemi, inaweza kutolewa hivi:

(2) Imamu mpendwa wetu / alisema (kwa heshima) / kwamba / huu / utawala unaoikalia Qods / lazima / kutoka / ukurasa wa zama / ufutio / uwe.

Vipengele vinne vya sentensi hii vimezua ubishi: mwenye kauli, nomino iliyo kiima cha kishazi tegemezi, nahau ya "ukurasa wa zama", na kitenzi.

3.1 Mwenye kauli

Utetezi wa kwanza unaotolewa mara kwa mara ni kwamba Ahmadinejad alikuwa akinukuu tu. Ni kweli kwamba sentensi (1) ni usemi wa taarifa: kishazi kikuu kina kitenzi cha kusema, na yote yafuatayo kiunganishi *ke* (kwamba) yamewekwa kinywani mwa Khomeini. Hata hivyo, kunukuu si tendo la namna moja. Erving Goffman, katika uchunguzi wake wa mazungumzo uliochapishwa mwaka 1981, alitenganisha nafasi tatu ambazo lugha ya kawaida huzichanganya katika neno "msemaji": yule anayeyatamka maneno, yule aliyeyatunga, na yule ambaye msimamo wake ndio unaowakilishwa na maneno hayo. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote tatu, au moja tu.

Kiswahili kina chombo chepesi cha kuonyesha tofauti hii. Anayesema "Alisema *kwamba* atalipa" hajaeleza maoni yake juu ya ahadi hiyo. Anayesema "*Eti* atalipa" amejitenga nayo, na pengine anaikejeli. Kitenzi cha Kiajemi *farmudan* kiko upande wa pili kabisa wa "eti". Ni kitenzi cha heshima, hutumika kwa kauli ya mkubwa, na asili yake ina maana ya kuamuru. Anayekitumia hajitengi na kauli. Anajiweka chini yake. Aidha, Ahmadinejad aliongeza kuwa kauli hiyo ilikuwa ya hekima. Kwa vigezo vya Goffman, Khomeini ndiye mtunzi, lakini mwenye msimamo ni wote wawili. Hoja ya "alinukuu tu" ina ukweli wa kihistoria, lakini haina nguvu ya kipragmatiki.

3.2 Nomino: nchi, utawala au watu?

Msemaji hakutaja jina "Israeli" katika sentensi hii. Alisema *rezhim*, neno ambalo Kiajemi kimelikopa kutoka Kifaransa, na ambalo kwa Kiswahili ni "utawala". Februari 2006, Waziri wa Mambo ya Nje wa Iran wa wakati huo, Manouchehr Mottaki, aliwaeleza waandishi wa habari barani Ulaya kwamba hakuna awezaye kuiondoa nchi kwenye ramani, na kwamba Rais alikuwa akizungumzia utawala ambao Iran haiutambui kisheria.

Msomaji wa Kiswahili hana taabu ya kuielewa tofauti kati ya nchi na utawala. Kwa miongo kadhaa magazeti na redio za Afrika Mashariki zilieleza haja ya kuung'oa utawala wa Makaburu nchini Afrika Kusini. Hakuna aliyefahamu kwamba inadaiwa Afrika Kusini ifutwe au wakazi wake wauawe. Utawala huo ulifikia mwisho mwaka 1994, na nchi ikabaki na jina lake na mipaka yake.

Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka, na wanaoutumia mara nyingi hawautaji. Aliyesema "utawala wa Makaburu" alikuwa na jina la nchi kando: Afrika Kusini. Katika lugha rasmi ya Iran tangu 1979, maneno "utawala wa Kizayuni" na mengine ya aina hiyo hayatumiki kutofautisha serikali na nchi. Hutumika *badala* ya jina la nchi, kwa sababu jina lenyewe lingekuwa namna ya kuitambua. Maelezo ya Mottaki yanalithibitisha jambo hili bila ya kukusudia. Kwa hiyo, kisemantiki *rezhim* ni "utawala", lakini kimatumizi kirejelewa chake ni dola nzima ya Israeli. Mfasiri anayeandika "Israeli" amefuata kirejelewa na kupoteza maana. Anayeandika "utawala" amefuata maana na kupunguza uzito wa kirejelewa. Lisilokuwamo katika nomino hiyo, kwa vyovyote vile, ni "watu".

3.3 Nahau: ramani, ukurasa au uso wa dunia?

Neno "ramani" halimo katika sentensi (1). Kilichomo ni *safhe-ye ruzgār*, "ukurasa wa zama". Mwandishi Ethan Bronner wa The New York Times, aliyeufuatilia mzozo huu Juni 2006, alieleza kuwa Khomeini mwenyewe alikuwa ametumia neno *sahne*, yaani "jukwaa", na kwamba Ahmadinejad alikosea nukuu kwa kusema *safhe*, yaani "ukurasa". Vyombo vya habari havikuitambua tofauti hiyo, kwa kuwa "ramani" ilikuwa imezoeleka kama tafsiri ya nahau ya awali.

Ni muhimu kusisitiza kwamba "ramani" haikubuniwa na mahasimu wa Iran peke yao. Vyombo rasmi vya habari vya Iran viliitumia katika matangazo yao ya Kiingereza. Kwa hiyo dai kwamba kulikuwa na njama ya kigeni ya kupotosha maneno halina msingi kwa upande huu. Wafasiri wa Tehran walifanya kile ambacho wafasiri wengi hufanya: walipokuta nahau katika lugha chanzi, walitafuta nahau iliyo tayari katika lugha lengwa.

Kubadilisha nahau kwa nahau ni mbinu halali, lakini kila nahau huja na mizigo yake. Ramani ina mipaka. Kinachofutwa kwenye ramani ni nchi. Ukurasa wa zama una matukio na tawala. Kinachofutwa humo ni kipindi cha historia. Kiswahili nacho kina nahau yake, "kufutwa katika uso wa dunia", na hiyo ndiyo inayomjia haraka mtangazaji anayetaka maneno mazito. Lakini juu ya uso wa dunia wanakaa watu na majengo yao. Mfasiri wa Kiswahili anayeitumia nahau hiyo, kwa kudhani kwamba anapamba lugha tu, amefika mbali zaidi ya Kiajemi na mbali zaidi ya Kiingereza: amegeuza mwisho wa dola kuwa maangamizi ya viumbe.

3.4 Kitenzi

Kiini cha mzozo kiko katika *mahv shavad*. Kiajemi huunda vitenzi vingi kwa kuunganisha nomino au kivumishi na kitenzi chepesi. *Mahv*, neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kufuta au kufutika. Likiunganishwa na *kardan* (kufanya) huwa kitenzi elekezi, "kufuta". Likiunganishwa na *shodan* (kuwa, kugeuka) hupata kauli ambayo kiima chake ndicho kinachofikwa na jambo. *Shavad* ni umbo la hali tegemezi la *shodan*.

Tatizo ni kwamba muundo wa *shodan* unafanya kazi mbili. Unaweza kueleza tendo lililofanywa na mtenda asiyetajwa, na unaweza kueleza badiliko lililotokea lenyewe. Hii ndiyo sababu wajuzi wa Kiajemi wenyewe hawakukubaliana. Profesa Juan Cole wa Chuo Kikuu cha Michigan alishikilia tafsiri yenye maana ya "kutoweka". Baadhi ya wafasiri wa Tehran waliohojiwa na Bronner walishikilia kwamba "kufutwa" ndiyo sahihi zaidi. Shirika la MEMRI, ambalo halina sifa ya kuipendelea Iran, liliandika tafsiri yenye maana ya "kuondolewa katika kurasa za historia": lilihifadhi nahau ya ukurasa lakini likachagua kauli ya kutendwa. Kila mmoja alichagua, kwa sababu kila mmoja alilazimika kuchagua.

4.0 USHAHIDI WA KISWAHILI

Katika Kiswahili dhana hizi zina viambishi vyake. Tazama mifano ifuatayo:

(3) a. Jina lake limefutwa katika orodha.
    b. Jina lake limefutika katika orodha.
    c. Jina lake limetoweka katika orodha.

Sentensi (3a) ina kiambishi cha kutendwa, -w-. Mtenda hakutajwa, lakini yumo: msikilizaji ana haki ya kuuliza "Limefutwa na nani?", na jibu "na karani" linakubalika kisarufi. Sentensi (3b) ina kiambishi cha kutendeka, -ik-. Swali "Limefutika na nani?" halikubaliki; linalokubalika ni "Limefutikaje?", na jibu huweza kuwa "kwa maji" au "kwa kuchakaa kwa karatasi". Sababu inaruhusiwa, mtenda haruhusiwi. Sentensi (3c) haina hata dhana ya kufuta: jina halipo, basi.

Mifano hiyo ikihamishiwa katika sentensi ya Tehran, matokeo ni haya:

(4) a. Lazima utawala huu ufutwe katika ukurasa wa zama.
    b. Lazima utawala huu ufutike katika ukurasa wa zama.
    c. Lazima utawala huu utoweke katika ukurasa wa zama.

Hapa linajitokeza jambo ambalo halikupewa uzito wa kutosha katika mjadala uliofanywa kwa Kiingereza: kauli ya kitenzi huathiri maana ya "lazima". Neno hili, sawa na *bāyad* ya Kiajemi, lina matumizi mawili. Linaweza kueleza wajibu, kama katika "Lazima ulipe kodi", au ulazima wa mambo, kama katika "Kilicho hai lazima kife". Katika (4a) kuna mtenda aliyefichwa, kwa hiyo "lazima" huelekea kwenye wajibu: kuna mtu anayepaswa kufuta. Katika (4b) na (4c) hakuna mtenda wa kubeba wajibu, kwa hiyo "lazima" huelekea kwenye ulazima wa historia: mambo yatafika huko. Uchaguzi wa -w- au -ik- si wa herufi tu. Ndio unaoamua kama msikilizaji atasikia amri au utabiri.

Kiajemi, kwa *mahv shavad*, kiliziacha njia zote mbili wazi. Kiingereza cha vyombo vya habari kilifuata njia ya (4a). Cole alifuata njia ya (4c). Kiswahili kina (4b), ambayo inabakiza picha ya kufuta bila ya kumweka mfutaji. Hata hivyo haitakuwa sahihi kudai kwamba (4b) ndiyo tafsiri timilifu. Kiajemi hakikatazi mtenda kama Kiswahili kinavyomkataza katika kauli ya kutendeka. Fomula sahihi ya kiisimu ni kwamba *mahv shavad* inajumuisha eneo la "ufutwe" na eneo la "ufutike" kwa pamoja, na kwamba hakuna umbo moja la Kiswahili linaloyafunika yote mawili.

Baada ya hatua ya tafsiri zilifuata hatua za usimulizi. Mifano (5) imetungwa ili kuonyesha ngazi zake:

(5) a. Alisema kwamba Imamu alisema lazima utawala huo ufutike au ufutwe.
    b. Alisema lazima Israeli ifutwe kwenye ramani.
    c. Alisema Iran itaifuta Israeli.

Kutoka (5a) hadi (5b) mnukuliwa wa awali ameondolewa, nomino imebadilishwa, na kauli ya kutendwa imethibitishwa. Kutoka (5b) hadi (5c) yametokea makubwa zaidi: mtenda ambaye hakutajwa amepewa jina, na hali tegemezi imegeuzwa kuwa wakati ujao. Ngazi ya (5b) inaweza kutetewa kama tafsiri, ingawa si tafsiri bora. Ngazi ya (5c) haiwezi kutetewa kwa kanuni yoyote ya sarufi, nayo ilisikika sana katika hotuba za wanasiasa. Mwezi Aprili 2012, Dan Meridor, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Israeli, alikubali katika mahojiano na Al Jazeera kwamba viongozi wa Iran hawakusema "tutaifuta". Papo hapo aliongeza kwamba walisema Israeli haitadumu na kwamba ni uvimbe wa saratani unaopaswa kuondolewa. Maneno ya Meridor yana mafunzo ya kiisimu: aliikanusha (5c) bila ya kudai kwamba yaliyosemwa yalikuwa mema.

5.0 ULINGANISHO: "TUTAWAZIKA"

Mzozo wa Tehran una mtangulizi. Tarehe 18 Novemba, 1956, katika tafrija kwenye ubalozi wa Polandi mjini Moscow, Nikita Khrushchev aliwaambia mabalozi wa nchi za Magharibi kwamba historia iko upande wa Wakomunisti, kisha akaongeza maneno ambayo kwa Kiswahili ni "Tutawazika". Mabalozi kadhaa waliondoka. Tafsiri ya mkalimani Viktor Sukhodrev ilikuwa sahihi neno kwa neno, lakini wasikilizaji walisikia tishio la vita katika zama za silaha za nyuklia. Mwaka 1963, akiwa Yugoslavia, Khrushchev alifafanua kwamba hakukusudia kuzika kwa koleo, bali kwamba tabaka la wafanyakazi la nchi hizo lenyewe ndilo litakaloufanya mazishi.

Msemaji wa Kiswahili anaielewa kauli hii kwa wepesi. Mzazi humwombea mwanawe amzike, wala haombi auawe na mwanawe, anayeuliza "Nani atanizika?" anauliza ni nani atakayebaki hai baada yake. Kuzika ni kazi ya aliyebaki. Hata hivyo "Nitakuzika" akiambiwa hasimu katikati ya ugomvi ni tishio, na hakuna Mswahili atakayedanganyika. Maana ya "kubaki nyuma" na maana ya "kuua" zote zimo katika umbo moja, na linaloamua ni uhusiano wa wasemaji.

Visa viwili hivi vinatofautiana kwa jambo moja muhimu. Katika kisa cha Khrushchev sarufi haikuwa na utata: mtenda ni "sisi", naye yumo katika kiambishi cha kiima. Utata ulikuwa katika neno "zika". Katika kisa cha Ahmadinejad maana ya kufuta ilieleweka, na utata ulikuwa katika mtenda. Upotoshaji wa kauli za kisiasa, kwa hiyo, hauna mlango mmoja. Mchambuzi anapaswa kuuliza kwanza utata uko katika ngazi gani, ya msamiati, ya kauli ya kitenzi, au ya usemi wa taarifa, kabla ya kuamua nani amepotosha.

6.0 UMBO LA KAULI NA TENDO UNENI

Swali linalobaki ni kama msemaji alitishia. J. L. Austin alikwisha onyesha kwamba umbo la sentensi halitoshi kueleza tendo linalofanywa kwa sentensi hiyo. "Mbwa huyu ni mkali" ni maelezo kwa umbo. Mlangoni pa nyumba, ni onyo. Kwa hiyo, hata kama ingethibitishwa kwamba *mahv shavad* ni "utoweke" na si "ufutwe", hilo lisingethibitisha kuwa hakukuwa na tishio. Hali kadhalika, hata kama ingethibitishwa kuwa ni "ufutwe", hilo lisingethibitisha kuwa msemaji aliahidi kufuta yeye mwenyewe.

Ushahidi wa tendo uneni unatafutwa katika mfululizo wa kauli za msemaji na katika uwezo na vitendo vyake. Desemba 2005 Ahmadinejad aliyaita mauaji ya Wayahudi milioni 6 wa Ulaya ngano, akikanusha jambo lililo thabiti katika historia. Kauli hiyo haikuwa na mzozo wa tafsiri wa kiasi hiki. Desemba 2006 alitabiri kwamba utawala wa Kizayuni utatoweka kama ulivyotoweka Umoja wa Kisovieti, kauli inayoutia nguvu usomaji wa "kutoweka". Juni 2008 aliripotiwa kusema kuwa utawala huo unakaribia kufa na utafutwa katika uwanja wa jiografia, kauli inayokaribia sana "ramani" iliyodaiwa kuwa uzushi wa wafasiri. Kauli hizi zina uadui ulio wazi na wa kudumu, lakini hazimtaji mtenda.

Hapa ndipo pande zote mbili zinapoteleza. Wanaomshutumu huona uadui halisi, kisha huurudisha ndani ya sentensi ya 2005 na kuifanya iseme isilosema. Wanaomtetea huona kosa halisi la tafsiri, kisha hulitumia kuufuta uadui ambao umethibitika kwa njia nyingine. Kusahihisha nukuu ya mtu si kuitetea siasa yake. Wala kuichukia siasa ya mtu si idhini ya kumtungia maneno.

7.0 MAFUNZO KWA MFASIRI WA KISWAHILI

Kiswahili kina idhaa zinazotangaza kutoka Bonn na Tehran yenyewe, pamoja na vyombo vingi vya Afrika Mashariki vinavyotegemea mashirika ya habari ya kigeni. Mfasiri anayepokea taarifa ya Kiingereza yenye kauli ya kutendwa ataandika "ifutwe" bila ya kujua kwamba kulikuwa na "ifutike". Lugha yake ilikuwa na chaguo. Mkondo aliopokea habari ulikwisha kumchagulia. Mambo manne yanaweza kupunguza hasara hiyo.

Kwanza, kauli yenye uzito wa vita na amani itafutwe katika lugha chanzi, hata kama mfasiri atahitaji msaada wa mjuzi wa lugha hiyo. Pili, iwapo kauli chanzi ina utata wa mtenda, utata huo uelezwe kwa sentensi moja ya ziada, badala ya kuamuliwa kimya kimya kwa -w- au -ik-. Tatu, nahau isipandishwe uzito: "uso wa dunia" isiandikwe pale ambapo chanzo hakikutaja dunia. Nne, pale msemaji anaponukuu mwingine, ngazi ya nukuu ibaki, pamoja na dalili ya kukubali au kukataa kwake. Katika hotuba ya Tehran, kuacha "Imamu alisema" ni upotoshaji. Kuacha "kauli ya hekima" ni upotoshaji vile vile.

8.0 HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba sentensi iliyozusha mzozo wa 2005 ilikuwa na utata wa kweli katika kitenzi chake, na kwamba utata huo haukuweza kuhamishwa mzima katika Kiingereza wala katika Kiswahili. Imeonyeshwa pia kwamba neno "ramani" halikuwamo, kwamba "utawala" ulirejelea dola nzima ingawa haukutaja watu, na kwamba kunukuu kwa heshima na sifa ni kuikubali kauli. Tafsiri ya "kufutwa" haikuwa uongo mtupu, na tafsiri ya "kutoweka" haikuwa ukweli mtupu. Uongo ulianza pale mtenda ambaye msemaji hakumtaja alipoandikwa jina.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna viambishi -w- na -ik- vinavyochaguliwa katika matangazo ya Kiswahili ya habari za vita, ambapo "kijiji kimeteketezwa" na "kijiji kimeteketea" huweza kueleza tukio lile lile, huku mmoja wa watangazaji akiwa amemtafuta mtenda na mwingine akiwa amemwacha aende zake.